Maji Hubebwa, Choo Hakibebwi: Uhamaji wa Watu na Historia ya Usafi wa Mazingira kati ya Tanzania na Kivu, 1971–2015

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya juhudi za kufikisha maji safi na vyoo kwa watu wa vijijini na kwa jamii zilizokimbia vita katika Tanzania na Kivu, kuanzia mwaka 1971 hadi 2015. Matukio manne yamechambuliwa: mpango wa maji vijijini wa 1971, kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, kambi za wakimbizi za Ngara na Goma za 1994, na mlipuko wa kipindupindu katika kijiji cha Kagunga mwaka 2015. Makala yanadai kwamba historia hii haiwezi kueleweka kwa kuhesabu mabomba na visima pekee. Mtu anapohama, kwa amri ya serikali au kwa kukimbia bunduki, anaweza kubeba dumu la maji lakini hawezi kubeba choo. Kwa hiyo, kila uhamaji umeirudisha kazi ya usafi wa mazingira mwanzo, na ukimya wa lugha na wa sera kuhusu choo umefanya gharama ya mwanzo huo isionekane hadi watu wanapokufa.

1.0 Utangulizi

Katika ofisi nyingi za umma nchini Tanzania, na kwenye kuta za matangi ya maji vijijini, huandikwa maneno matatu: maji ni uhai. Ni nadra kukuta ukuta ulioandikwa kwamba choo nacho ni uhai. Tofauti hiyo ndogo ya maandishi inabeba historia ndefu. Mradi wa maji huwa na jiwe la msingi, siku ya uzinduzi, mgeni rasmi na wakina mama wanaopiga vigelegele ndoo ya kwanza inapojaa. Choo huchimbwa nyuma ya nyumba, bila hotuba.

Hata hivyo, maradhi hayatambui mpaka huo. Vimelea vya kipindupindu na vya kuhara damu hutoka katika kinyesi cha mgonjwa, hupita katika maji, mikono, nzi au chakula, kisha huingia katika kinywa cha mtu mwingine. Njia hiyo ina mwanzo na mwisho. Maji safi huifunga karibu na mwisho wake. Choo huifunga mwanzoni. Watafiti Gilbert White, David Bradley na Anne White, katika utafiti wao kuhusu matumizi ya maji ya nyumbani nchini Kenya, Uganda na Tanzania uliochapishwa mwaka 1972, waliongeza jambo la tatu: wingi wa maji una uzito wake pamoja na usafi wake, kwa sababu maradhi mengi huenea pale ambapo watu hawana maji ya kutosha kunawia. Kwa hiyo maji, choo na mikono ni mnyororo mmoja. Swali linaloongoza makala haya ni kwa nini mnyororo huo umekatika mara kwa mara mahali pamoja.

Makala yanategemea nyaraka za sera, ripoti za tathmini na tafiti zilizochapishwa. Vyanzo hivyo vina upungufu unaopaswa kutajwa mapema. Vingi vimeandikwa na waliotoa huduma, si na waliobeba ndoo. Mwanamke aliyeamka alfajiri kwenda kisimani, na mtoto aliyetumwa na dumu la lita tano, huonekana humo kama idadi ya wanufaika. Makala haya yanajaribu kuvisoma vyanzo hivyo kwa kuzingatia upungufu huo.

2.0 Lugha na Ukimya wa Choo

Kabla ya kuingia katika matukio, ni vyema kuitazama lugha yenyewe, kwani kumbukumbu za kihistoria huandikwa kwa lugha. Kiswahili kina maneno mengi ya kulizunguka jambo hili kuliko ya kulitaja. Mtu huenda msalani, maliwatoni, uani au haja, hujisaidia. Katika mabasi ya masafa marefu, dereva husimama porini ili abiria wakachimbe dawa. Tafsida hizi ni sehemu ya adabu, na hakuna sababu ya kuzilaumu. Lakini zina matokeo: jambo lisilotajwa mkutanoni haliingii katika muhtasari wa mkutano, na lisiloingia katika muhtasari haliingii katika bajeti.

Isidhaniwe kwamba choo ni mgeni katika eneo hili. Magofu ya Gede, karibu na Malindi, yana visima na nyumba zilizojengewa vyoo ndani, na utamaduni wa tohara katika miji ya pwani ulifungamanisha maji na usafi wa mwili kwa karne nyingi. Bara, ambako makazi mengi yalikuwa yametawanyika, umbali baina ya boma na boma ulifanya sehemu ya kazi ambayo mjini hufanywa na shimo. Hili ni jambo la msingi katika hoja ya makala haya. Familia tano zilizo mbali katika bonde pana hazikabiliwi na hatari sawa na familia mia tano zilizopangwa katika mstari mmoja. Hitaji la choo hukua kadiri watu wanavyosogezwa pamoja.

Utawala wa kikoloni uliliona hitaji hilo kwa jicho la amri. Choo kilikuwa jambo la ukaguzi, na asiyekuwa nacho aliweza kutozwa faini. Urithi wa mtindo huo ni kwamba kwa watu wengi bwana afya alijulikana kama mtu wa kukagua na kuadhibu kabla ya kujulikana kama mtu wa kushauri. Serikali huru ilirithi hitaji lenyewe pamoja na shaka hiyo.

3.0 Bomba la Mwaka 1971

Baada ya uhuru, vita dhidi ya ujinga, maradhi na umaskini viliyaweka maji mbele. Mwaka 1965 serikali iliamua kubeba gharama za ujenzi wa miradi ya maji vijijini, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa imebeba pia gharama za uendeshaji. Mwaka 1971 ukatangazwa mpango wa miaka 20, ambao lengo lake lilikuwa kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi na salama ndani ya umbali wa mita 400 kutoka nyumbani kwake. Kwa nchi changa na maskini, lilikuwa lengo la ujasiri, na liliwavutia wafadhili. Mikoa iligawanywa kati yao: Uswidi ilisaidia mikoa ya Kanda ya Ziwa, Ufini ikaenda Mtwara na Lindi, Denmark ikashughulika na Iringa, Mbeya na Ruvuma, na Uholanzi ikaanza na visima vifupi vya pampu za mkono Shinyanga.

Lengo hilo halikufikiwa, na sababu zake zimeelezwa mara nyingi. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Vita vya Kagera vya 1978–1979 vilimeza fedha za kigeni. Mashine za dizeli zilinyamaza kwa kukosa mafuta au kipuri kimoja, na kijiji kilichokuwa na bomba kikarudi mtoni huku bomba likiwa bado limesimama. Kwa kuwa mradi ulikuwa wa serikali, kuuharibikia kulikuwa kwa serikali pia. Wanakijiji walisubiri fundi kutoka wilayani. Sera ya Maji ya mwaka 1991 iligeuza mwelekeo huo kwa kuwataka watumiaji wachangie.

Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yanazungumzia bomba tu. Jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili ni aina ya kipimo kilichochaguliwa. Mafanikio ya mwaka 1971 yalipangwa kupimwa kwa mita: mita ngapi kutoka mlangoni hadi kwenye maji. Hapakuwa na kipimo cha namna hiyo kwa upande wa pili wa nyumba. Bomba lilikuwa na mhandisi, fungu la fedha na mfadhili. Choo kiliachwa kwa mwenye kaya na kwa kampeni. Ni kweli kwamba baadaye mpango wa HESAWA, ulioanza mwaka 1985 katika mikoa ya Kagera, Mara na Mwanza kwa msaada wa Uswidi, uliunganisha afya, usafi na maji katika jina lake lenyewe. Lakini hiyo ilikuwa miaka 14 baada ya bomba kutangazwa.

4.0 Mtu ni Afya na Operesheni Vijiji

Kampeni iliyokaribia zaidi kulijaza pengo hilo ilikuwa Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Iliratibiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kwa kushirikiana na Wizara ya Afya, na ilitokana na uzoefu wa kampeni za redio zilizoitangulia, ikiwemo Wakati wa Furaha ya mwaka 1971. Kwa majuma 12, vikundi vya watu vilikutana vijijini, vikasikiliza kipindi cha redio, vikasoma sura ya kitabu cha kampeni, vikajadiliana, kisha vikaamua la kufanya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na washiriki wanakadiriwa kuwa milioni 2. Mada zilikuwa malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu, pamoja na maji na usafi wa mazingira. Mamia ya maelfu ya vyoo yalichimbwa.

Nguvu ya kampeni hii ilikuwa katika hatua yake ya mwisho. Kikundi kilichomaliza kujadili safura hakikuambiwa kwamba mkaguzi atapita. Kiliulizwa: sasa tufanye nini? Jibu lilitoka kwa majirani mbele ya majirani. Zana zilikuwa jembe, panga, miti na nyasi, vitu ambavyo havihitaji kipuri kutoka ng'ambo. Hapo choo kilitajwa kwa jina lake hadharani, na kutokana na mjadala huo kikaingia katika mpango wa kijiji. Ukimya ulioelezwa katika sehemu ya pili ulivunjwa kwa majuma 12.

Ndipo ukaja uhamaji. Mwezi Novemba 1973, miezi michache baada ya kampeni, Rais Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba kazi hiyo ikamilike kufikia mwisho wa mwaka 1976. Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni ya watu. Sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa ile ile ya maji: watu wakikaa pamoja, ni rahisi kuwafikishia bomba, shule na zahanati. Kwa mtazamo wa mhandisi wa maji, hoja hiyo ilikuwa sahihi. Lakini kwa familia iliyohamishwa mwaka 1974, choo kilichochimbwa mwaka 1973 kilibaki nyuma pamoja na boma na miembe. Familia hiyo ilifika mahali papya ikiwa na vyungu, mitungi na mbegu. Kazi ya kwanza ilikuwa kuezeka nyumba kabla ya mvua, na ya pili ilikuwa kulima. Shimo lilisubiri.

Si rahisi kuthibitisha, kwa takwimu zilizopo, ni vyoo vingapi vya Mtu ni Afya vilivyoachwa kwa namna hiyo. Mwendo wa matukio yenyewe unatosha kuonyesha mgongano. Dola moja, katika mwaka mmoja, iliwahimiza wananchi wachimbe, kisha ikawaamuru wahame. Wizara moja ilikuwa ikihesabu mashimo wakati nyingine ikipanga malori. Aidha, uhamaji huo uliongeza hitaji la choo wakati uleule ulipokuwa ukikiondoa, kwa kuwa watu waliokuwa wametawanyika sasa waliishi ukuta kwa ukuta. Kipindupindu, kilichokuwa kimeingia nchini katikati ya muongo huo, kilienea kwa nguvu kuanzia mwaka 1977. Makala haya hayadai kwamba vijiji ndivyo vilivyokileta. Yanachodai ni kwamba kilikuta nchi ambayo watu wake walikuwa wamesogezwa karibu na bomba kabla ya kusogezwa karibu na choo.

5.0 Ngara na Goma, 1994

Uhamaji wa miaka ya 1970 ulikuwa wa amri na ulichukua miezi. Ule wa mwaka 1994 ulikuwa wa vita na ulichukua saa. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakati mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakiendelea nchini Rwanda na majeshi ya RPF yakisonga mbele, umati wa watu unaokadiriwa kufikia 250,000 ulivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa takribani siku moja. Kambi ya Benaco ilizaliwa kando ya barabara, karibu na bwawa dogo. Miezi miwili na nusu baadaye, kuanzia katikati ya Julai, umati mkubwa zaidi, unaokadiriwa kati ya watu 500,000 na 800,000, uliingia Goma na maeneo ya jirani katika Kivu ya Kaskazini kwa muda wa siku chache.

Matukio haya mawili yanafaa kulinganishwa kwa sababu watu walitoka nchi moja, katika vita vilevile, kwa miguu ileile, lakini mwisho wao ulitofautiana. Ngara, vifo vilidhibitiwa. Goma, kipindupindu kilithibitishwa ndani ya wiki moja baada ya watu kuanza kuvuka, kikafuatiwa na kuhara damu, na takribani watu 50,000 wanakadiriwa kufa katika mwezi wa kwanza. Uchunguzi wa kitabibu uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba katika wiki ya kwanza maji yaliyosafishwa yalitosha wastani wa lita 0.2 tu kwa mtu kwa siku. Hiyo ni chini ya glasi moja, kwa mtu anayeharisha lita kadhaa kwa siku.

Kwa nini tofauti hiyo? Sababu ya kwanza ni muda na matayarisho. Ngara ilikuwa tayari na mashirika ya misaada yaliyokuja kuwahudumia wakimbizi wa Burundi waliokimbia baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993. Sababu ya pili ni idadi, kwani Goma ilielemewa zaidi. Sababu ya tatu, ambayo kwa makala haya ndiyo yenye funzo kubwa, ni ardhi. Udongo wa Ngara unachimbika kwa jembe. Goma imejengwa juu ya miamba ya volkano ya Nyiragongo na Nyamuragira, na kambi za Kibumba, Katale na Mugunga zilikaa juu ya mawe hayo. Jembe liligonga mwamba. Hapakuwa na shimo la choo, na kwa sababu ileile hapakuwa na shimo la kaburi. Maiti zililazwa kandokando ya barabara zikiwa zimefungwa mikeka. Waliofika Ziwa Kivu walikunywa maji yake pale pale walipojisaidia, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kufanyia lolote kati ya hayo mawili. Kibumba haikuwa na chanzo chake cha maji, na maji yalipelekwa kwa malori.

Haki inadai kusema kwamba katika siku zile za kwanza, maji ndiyo yaliyohitajika kabla ya kitu kingine chochote. Mtu anayekufa kwa kuishiwa maji mwilini haokolewi na shimo. Mitambo ya kusafisha maji iliyoletwa ziwani, matangi na malori yaliokoa maisha, na hoja ya makala haya isichukuliwe kuwa inapunguza thamani yake. Lakini mgonjwa aliyeokolewa leo alirudi mahali palepale pasipo na choo, na mnyororo uliendelea. Maji yaliweza kupelekwa Kibumba kwa magurudumu. Vyoo vililazimika kupasuliwa mwambani, kimoja baada ya kingine, kwa majuma.

Ipo pia sura ya kisiasa ambayo mwanahistoria hapaswi kuipita. Miongoni mwa wakimbizi walikuwamo viongozi, wanajeshi na wanamgambo waliopanga na kutekeleza mauaji ya kimbari, na katika kambi zote mbili walijaribu kuhodhi ugawaji wa misaada. Aliyeshika orodha ya watu alishika chakula, na aliyeshika foleni aliweza kushika maji. Mjane asiye na mtu katika foleni hiyo alikuwa mbali na bomba hata kama alilala mita 50 kutoka hapo. Umbali wa maji, ambao sera ya 1971 iliupima kwa mita, kambini ulipimwa pia kwa jamaa na kwa woga.

Msiba wa Goma ulibadili kazi ya misaada duniani. Tathmini ya pamoja ya misaada ya Rwanda iliyotolewa mwaka 1996 ilichangia kuanzishwa kwa Mradi wa Sphere mwaka 1997, uliotunga viwango vya chini vya misaada ya dharura: lita 15 kwa mtu kwa siku, bomba moja kwa watu wasiozidi 250, maji yasiwe mbali zaidi ya mita 500, na choo kimoja kwa watu wasiozidi 20. Sera ya Taifa ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 nayo iliweka lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400, na kituo kimoja kwa watu 250. Ukizisoma tarakimu hizi pamoja, utaona kwamba katika maji, mwanakijiji na mkimbizi wanakaribiana sana. Katika choo, ni mkimbizi tu aliyepewa tarakimu iliyosimama bega kwa bega na lita na mita. Ilihitaji makaburi ya Goma ili choo kihesabiwe kama bomba.

Kambi za Ngara zilifungwa mwezi Desemba 1996, wakimbizi waliporudishwa Rwanda. Kwa mara nyingine, watu waliondoka na madumu yao na mashimo yakabaki. Wenyeji wa wilaya hiyo, ambao kwa miaka miwili na nusu walikuwa wachache kuliko wageni wao, walibaki na misitu iliyokatwa na ardhi iliyochimbwa, na huduma kubwa iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya wageni ikapungua pamoja nao.

6.0 Kagunga, 2015

Kagunga ni kijiji cha wavuvi katika mkoa wa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, karibu na mpaka wa Burundi. Nyuma yake kuna milima mikali. Mwaka 2015 aliyetaka kutoka hapo alipita ziwani au alipanda milima kwa miguu. Mwezi Mei mwaka huo, machafuko yalipozuka Burundi kufuatia uamuzi wa Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia katika ufuko huo mwembamba. Meli ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwabeba takribani 600 kwa kila safari hadi Kigoma mjini, walikopokewa katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kwa mabasi kambi ya Nyarugusu. Waliobaki wakisubiri meli walilala mchangani, wakanywa maji ya ziwa, na hawakuwa na vyoo.

Kipindupindu kilifuata. Kufikia tarehe 22 Mei, Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa liliripoti wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31, wawili kati yao wakiwa Watanzania. Hao wawili wanastahili kusimamiwa kidogo. Hawakukimbia vita vyovyote. Waliishi nchini mwao, na miaka 24 ilikuwa imepita tangu siku ambayo kila mwananchi wa kijijini aliahidiwa awe na maji safi ndani ya mita 400. Ziwa lilikuwa karibu zaidi ya hapo. Lilikuwa karibu mno, na lilikuwa la wote.

Mlipuko huo ulizimwa kwa kuwaondoa watu ufukoni, kwa dawa ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, kwa klorini, na baadaye kwa chanjo iliyotolewa kwa wakimbizi na wenyeji wa jirani. Ilikuwa kazi ya kusifiwa, nayo inaonyesha kwamba funzo la Goma halikupotea. Lakini ipo hatari ya kuihifadhi Kagunga katika kumbukumbu kama kisa cha wakimbizi walioleta ugonjwa. Mwezi Agosti mwaka huohuo kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kilomita zaidi ya elfu moja kutoka hapo, kikaenea katika mikoa mingi na kuendelea mwaka uliofuata. Vita viliharakisha Kagunga kitu ambacho kilikuwa tayari kinasubiri mahali pengine: watu wengi, maji ya wote, na choo kisicho cha mtu.

7.0 Majadiliano

Matukio haya manne yanaelekeza katika mambo matatu.

Kwanza, choo ni kitega uchumi cha mtu anayetarajia kubaki. Anayechimba shimo la futi kumi na kulijengea anaamini kwamba mwakani atakuwa hapo. Imani hiyo ikivunjwa, kwa lori la Operesheni au kwa mizinga, kinachopotea ni shimo pamoja na sababu ya kuchimba jingine. Hali hii inaeleza pia ugumu wa kambi za muda mrefu. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo kama mahali pa muda, na mwaka 2015 bado ilikuwa ikipokea wageni wapya. Choo cha muda hujaa. Kikijaa, huchimbwa kingine cha muda pembeni. Mtoto anaweza kuzaliwa, kukua na kupata mtoto wake kambini bila kutumia choo kilichojengwa kwa nia ya kudumu.

Pili, gharama ya kukosa choo haigawanywi sawa. Mwanamke anayesubiri giza ili aende porini, katika kambi au kijiji, hujiweka katika hatari ya nyoka na ya wanaume. Msichana aliyevunja ungo hukosa vipindi shuleni. Mzee asiyeona vizuri huacha kunywa maji jioni. Haya hayaonekani katika hesabu ya mita, na ndiyo maana mipango iliyopimwa kwa mita haikuyaona.

Tatu, mabadiliko ya kisera yameanza kuitambua nusu hii. Azimio la Umoja wa Mataifa la tarehe 28 Julai 2010 liliyatambua maji na usafi wa mazingira kwa pamoja kuwa haki ya binadamu. Nchini Tanzania, kampeni ya Nyumba ni Choo ilianza mwaka 2017, na sheria ya mwaka 2019 iliyounda RUWASA inataja maji na usafi wa mazingira katika jina lake. Kaulimbiu ya Nyumba ni Choo inastahili kutazamwa kando ya Mtu ni Afya. Ya mwaka 1973 ilianza na mtu na mjadala wa kikundi chake. Ya mwaka 2017 inaanza na nyumba, yaani na mahali. Kwa mujibu wa historia iliyoelezwa hapa, zote mbili zinahitajiana: bila mjadala, choo hurudi kuwa amri ya bwana afya, bila mahali pa kukaa kwa uhakika, mjadala hauna pa kuchimba.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba historia ya maji safi kwa watu wa vijijini na waliokimbia vita, kati ya Tanzania na Kivu, ni pia historia ya watu kuruhusiwa au kutoruhusiwa kukaa. Bomba la 1971 lilipimwa kwa mita na choo kikaachwa bila kipimo. Vyoo vya 1973 vilichimbwa kwa mjadala na vingine vikaachwa nyuma kwa amri. Goma ilifundisha kwa gharama isiyosemeka kwamba shimo lisilochimbika huua kama maji yasiyopatikana, na Kagunga ikaonyesha kwamba mwenyeji na mgeni wanywao ziwa moja wana hatima moja.

Pendekezo linalotokana na uchambuzi huu si gumu kulieleza. Kila mpango wa kuwahamisha watu, au wa kuwapokea waliohama, uhesabu vyoo siku ileile unayohesabu lita, na katika waraka uleule. Goma bado ni mji wa mwamba. Mapigano yalipoufikia tena mwezi Januari 2025, umeme ulikatika, mitambo ya kusukuma maji ikasimama, na watu wakashuka ziwani wakiwa na madumu yao. Walijua pa kupata maji. Swali la wapi watajisaidia lilikuwa, kama mwaka 1994, lao wenyewe.